Mkono Ukitoka Baridi, Usiwashe Taa

Kila jioni Nekoye alirudi chumbani kwake mtaani Karagita akiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Kutwa alipanga maua ya waridi katika chumba cha baridi cha shamba la maua. Akifungua mlango, hakuna aliyemwita mama. Tangu vurugu za Januari, baada ya uchaguzi, mtoto wake Khisa alikuwa Webuye kwa nyanya yake.

"Mama, nitarudi lini?" Khisa huuliza kwa simu.

"Shule zikifunguliwa. Mradi mama ana kazi."

Lakini kazi yenyewe ilikuwa inaponyoka. Vidole vilimuuma, akawa mzito. Supavaiza alimwambia, "Mathe, mkono ukikataa, wanaotafuta kazi wako getini."

Basi Pushpa, mwenye duka la vitambaa mjini Naivasha, ambaye Nekoye humfulia nguo Jumapili, akampa taa nyekundu ya joto. Karatasi ya maelezo ilishapotea. Nekoye akajiwekea kipimo chake: nikihisi joto la kutosha, nitazima.

Aliuweka mkono karibu na balbu. Wekundu ukajaa chumbani, kama mgeni amekuja kumtembelea. Alikaa nao hadi ugali ukapoa.

Asubuhi mgongo wa mkono ulikuwa na lengelenge. Akalipaka dawa ya meno, akaenda bombani kuchota maji.

Huko alimkuta Wachuka, jirani wa mlango wa pili, anayetibu maumivu ya viungo hospitalini. Tangu Januari hawakuwa wakizungumza zaidi ya salamu. Wachuka aliutazama mkono.

"Mama Khisa, siku hizi mkono nao unapigwa mswaki?"

Nekoye alitaka kwenda zake. Badala yake akacheka, kisha akaeleza yote.

"Dawa ya meno ioshe," Wachuka alisema. "Ukiungua, weka maji safi ya bomba, yatiririke dakika ishirini. Na taa uiache mpaka hapo papone. Usitumbue."

"Lakini sikuhisi moto."

"Ungehisije? Mkono uliotoka baridi haujui joto. Unaungua huku wewe ukingoja kuhisi."

Jioni Wachuka alikuja na vikombe viwili, kimoja cha maji baridi, kingine cha vuguvugu. "Kwanza kula, upumzike. Kisha gusa hivi. Usipojua kipi ni kipi, usiwashe. Taa ikae mbali, kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Usiitazame balbu. Usiwe umejipaka dawa ya kuchua."

"Na muda?"

"Anza na dakika tano, tega kengele ya simu ikulilie. Ukizima, weka mkono shavuni. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo shavu litakuambia. Ukipoa haraka, kesho ongeza dakika mbili. Ukibaki moto, au ukiona mabaka, punguza. Usipite kumi na tano, hata ukisikia raha. Na usilale nayo."

Nekoye aliinama. "Nilishalala nayo. Inakuwa kama kuna mtu."

Wachuka alizungusha kikombe mikononi. Nje ya dirisha, vyumba vitatu vilikuwa vimefungwa kufuli tangu wenyewe wahame.

"Hata kwangu ukuta umenyamaza," alisema. "Ukiwasha, niite. Nitakaa nawe mpaka simu ilie."

Lengelenge lilipona. Nekoye akaanza upya, polepole, akagundua kwamba dakika tisa zinamtosha. Kazini aliomba glavu za kuzuia baridi, akapewa. Vidole vikaanza kulegea, na supavaiza akaacha kusimama nyuma yake.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Khisa alipiga simu.

"Mama, huko kuna watu?"

Nekoye alitazama kiti cha pili, ambapo Wachuka alikuwa akimenya viazi.

"Wachache," alisema. "Mwambie nyanya akulete."