Tonge la Wenye Njaa

Kwenye milima ya Kumano, huko Japani, hakuna mtu anayemaliza chakula chake njiani. Unabakiza tonge moja la wali mpaka uteremke upande wa pili, maana huko juu wapo mahujaji waliokufa kwa njaa zamani, na hadi leo hawajashiba; wakimkuta mtu asiye na tonge, humtia njaa yao mpaka afe. Hata mtoto wa miaka mitano analijua hilo.

Sayoko naye alilijua. Ndiyo maana aliiba.

Walikuwa wawili tu, yeye na mavyaa wake, Bi Tokie, wakipanda ngazi za mawe kwenda hekaluni kumwombea marehemu mume wa Sayoko. Jua lilikuwa linazama. Tangu asubuhi bibi yule alikuwa akimchoma kwa maneno.

"Unavyojikokota ndivyo ulivyomtunza mwanangu. Ndiyo maana amekufa."

"Alikufa kwa moyo, Mama."

"Na huo moyo, aliuvunja nani?"

Bibi alipoinama kumvalisha Jizo wa mawe, sanamu ya mlinzi wa wasafiri, kitambaa chake chekundu, Sayoko akafungua mkoba wa bibi, akatoa tonge lililofungwa kwa jani la haradali, akalimeza na jani lake. La kwake likabaki mfukoni. Leo utanipigia magoti, mchawi wewe, alijisemea.

Ukungu ukashuka. Ndege wakanyamaza.

Halafu ile harufu...

Wali. Wali unaochemka, katikati ya mierezi, pasipo nyumba wala moto.

Bi Tokie akaanguka kitako kwenye ngazi, midomo imemkauka. Akapapasa mkoba. Akapapasa tena.

"Mkwe wangu... tonge langu..."

"Si umelila mwenyewe?"

"Nipe lako. Hata chembe moja. Wamekuja."

Miaka kumi na mmoja, hakuwahi kumwita mkwe wangu. Sayoko alilishika tonge mfukoni. Lilikuwa zito, limejaa mkononi. Angelitoa pale pale, jamani, mambo yangekwisha! Lakini kisasi kilikuwa kitamu.

"Niombe radhi kwanza."

Nyuma yao kitu kilitafuna, taratibu.

"Niwie radhi," bibi alinong'ona, machozi yakimtoka. "Niwie radhi, mwanangu."

Hapo Sayoko akaingiwa na huruma na hofu kwa pamoja. Akalitoa tonge upesi, akalifungua jani.

Tupu.

Hapakuwa na hata chembe. Jani lenyewe lilikuwa na alama za meno.

Daktari alisema kilichomuua Bi Tokie ni moyo, ugonjwa wa ukoo. Sayoko aliitikia, akalia msibani kama wengine. Tangu hapo, kila akila hubakiza tonge mezani, na kila akirudi hukuta sahani imelambwa. Anaishi peke yake.

Juzi, mchana kweupe, alisahau. Alimaliza bakuli lote.

Jiko lilikuwa limezimwa, lakini harufu ya wali ikaanza kupanda. Njaa ikamkata tumbo mpaka akapiga magoti, mkono ukitafuta chochote cha kutia mdomoni.

Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, sauti anayoijua ikanong'ona:

"Niombe radhi kwanza."