Aliyetangulia Kutafuna

Mkate wa mahindi ulikuwa umetoka jikoni muda ule ule, ungali unafuka moshi ndani ya kikaango chake cha chuma, lakini Verlene alipokata kipande cha katikati, kisu kilizama kama kimeingia kwenye tope. Akainama akanusa. Ukoko wa juu ulikuwa mzuri, rangi ya asali. Chini yake mkate ulikuwa umelowa, umepondwa, umekaa madonge madonge, na kila donge lina utelezi. Alipoinua kisu, uzi mrefu wa mate ukakifuata, ukavutika, ukakatika, ukamdondokea kidoleni. Ulikuwa na uvuguvugu.

"Haukuiva?" akauliza Arlis, mumewe, ambaye alikuwa amekwisha kaa mkao wa kula.

"Unga ulikuwa mbaya," akasema Verlene, akatoka nao nje akawatupia kuku. Kuku wakausogelea, kisha wakaukimbia.

Ikawa mkate leo, kesho viazi, keshokutwa maharage. Afunike sufuria, aweke jiwe juu ya kifuniko, haikusaidia. Akifunua, nyama ya nguruwe imekamuliwa utamu wote, imebaki nyuzi nyeupe zilizovingirishwa kama kamasi. Hakukuwa na alama ya jino hata moja. Kilikuwa chakula cha kupondwa kwa ufizi, kikanyonywa, kikarudishwa mahali pake kwa adabu, kana kwamba aliyetangulia kutafuna alitaka kuwapunguzia wenyeji kazi.

Verlene alikuwa mwanamke wa tumbo gumu. Alichinja nguruwe tangu utotoni, akaosha wafu wa kanisa lao bila kugeuza uso. Lakini haya yalimtapisha. Alikuwa akinawa mikono mpaka ngozi inawasha, na bado anahisi ule utelezi katikati ya vidole.

Yeye aliweza kula kwa dada yake ng'ambo ya kijito. Arlis hakuweza. Arlis, jitu la watu, aliyepasua mbao maisha yake yote, hata akipelekwa kwa watu, hata akinunuliwa keki dukani ndani ya karatasi yake, ilipogusa tu ulimi ilikuwa imekwisha tafunwa.

"Ni kama ninakula kutoka kinywani mwa mtu," alimwambia mkewe siku moja, kwa sauti ya chini kama anayesema jambo la aibu. "Mtu mgonjwa wa kinywa, Verlene. Nasikia mpaka ufizi wake."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Daktari anasema nina nyongo. Nyongo haitemi mate kwenye kahawa yangu."

Suruali ikawa haimkai. Mashavu yakaingia ndani. Akawa anakunywa maji ya kisima tu, na hata hayo akiyafumbia macho. Verlene aliona wazi kwamba mambo yakienda hivi, mumewe hataiona theluji ya kwanza.

Na alikuwa anajua harufu iliyokuwa katika mate yale, ila alijifanya haijui. Tumbaku ya kutafuna, iliyochovywa katika sukari guru, na juu yake mafuta ya karafuu. Ni mtu mmoja tu aliyepaka karafuu kwenye ufizi uliooza kisha akatia tumbaku juu yake: Denzil Rusk, mume wake wa kwanza, kule Kaunti ya Larkin nyuma ya mlima. Alikuwa amemkimbia tangu ujana. Majira ya kuchipua yaliyopita, Denzil alifia peke yake ndani ya nyumba yake ya bati, na watu hawakujua mpaka upepo ulipogeuka. Waliombeba walichoma glavu zao. Verlene alizipata habari hizo dukani, akasema Mungu amsamehe, akanunua sukari, akaenda zake.

Akampakia Arlis kwenye gari, akaenda kwa Shangazi Ocie. Mzee huyu hakuwa shangazi wa mtu yeyote, lakini alikuwa shangazi wa bonde zima. Alijua kuzuia damu kwa aya ya Biblia, na kupuliza moto utoke kwenye kidonda cha kuungua. Alimsikiliza Verlene huku akimenya tufaha barazani, wala hakushtuka.

"Anatafuna chako au cha mumeo?"

"Chochote kinachowekwa mezani kwangu, Shangazi. Na cha Arlis popote aendapo."

"Basi hajui kama ameachwa. Mwanamume akidhani ana mke atakuja mezani. Akiwa hai anaweza kusahau. Akifa hasahau."

"Lakini tuliachana mahakamani, kule Larkin. Jaji alikata shauri."

"Mwenyewe alikuwepo?"

"Alikuwa amelewa, hakuja. Hata mimi sikungoja. Wakili alinikonyeza tu kwamba imekwisha, nikaruka kwenye gari la kaka yangu, sikutazama nyuma."

"Karatasi unayo?"

"Sijawahi kuiona."

Shangazi Ocie aliacha kumenya. "Yaani umekaa miaka yote hiyo huna karatasi, umeolewa tena, unalala usingizi. Haya. Kailete. Usiniletee kivuli cha mashine kitupu. Nataka yenye muhuri wa kubonyeza, ule unaoinuka juu ya karatasi kama upele. Maiti hana macho, mwanangu, husoma kwa vidole. Umsomee mezani, mwanzo hadi mwisho, usiruke neno. Ukiruka, atajua kuna linalofichwa, na hapo hatoki tena."

"Na Arlis?"

Mzee alitupa jicho garini, Arlis alikokuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. "Usipitie kwako. Nenda sasa hivi."

Mahakama ya Larkin ilikuwa ya matofali, na saa ya mnarani ilikwisha kufa. Karani alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aitwaye Twyla, anayekula karanga zilizoogeleshwa kwenye soda.

"Talaka ya nani, mpenzi?"

"Yangu. Verlene Rusk, wakati huo."

"Nani alimshtaki mwenzake? Maana hapa tunazipanga kwa jina la aliyeshtaki. Usipojua nani alianza ugomvi, hupati kitu."

"Nilishtaki mimi."

Twyla akapekua, akapekua tena. "Hamna Verlene. Wakili wako nani?"

"Mzee Cordell Bayes. Na mume alikuwa Denzil."

Twyla akacheka mpaka karanga zikampalia. "Ungesema mapema. Huyo marehemu aliweka jina la mwanamume mbele hata kama ni mwanamume aliyekutwa kitandani kwa jirani. Alikuwa akisema mwanamke hashtaki, mwanamke huomba. Basi uko chini ya Denzil, dada yangu. Kwenye karatasi, yeye ndiye aliyekushtaki wewe."

Majalada ya zamani yalihamishiwa vyumba vya mahabusu huko nyuma, tangu mto ulipoingia ndani. Twyla alikwenda akipiga mluzi. Alirudi hapigi mluzi. Alikuwa amelishika jalada kwa vidole viwili, uso ameugeuzia ukutani.

"Nimezoea harufu ya mafuriko," akasema. "Hii siyo."

Akalifungua juu ya meza. Karatasi zote zilikuwa zimekuwa donge moja la kahawia, limekandwa, limelowa, linang'aa, na pembeni linatiririka maji mazito ya tumbaku. Karafuu ikajaa chumbani. Verlene akaziba pua kwa kiwiko.

"Panya," akasema Twyla.

"Panya wana mate hivi?"

Twyla alilifunika donge lile kwa gazeti, akafuta kidole kwenye sketi, akakifuta tena. Kisha akasogea karibu, akanong'ona. "Sikiliza. Hili ni jalada tu. Siku zile jaji akitia saini, karani ananakili hukumu nzima kwenye kitabu kikubwa, neno kwa neno. Kiko kwenye chumba cha chuma. Twende, na twende upesi."

Kitabu kilikuwa kizito kama mtoto. Wakaupata ukurasa, Twyla akauweka kwenye mashine ya kunakili, na mwanga ulipopita walisikia wote wawili, taratibu, nyuma ya rafu, mlio wa mdomo usio na meno ukifunguka na kufumba. Pembe ya kitabu ikaanza kulowa. Twyla aliitia nakala ile kwenye mashine ya chuma ya muhuri, akauangukia mpini kwa uzito wake wote.

"Soma uhakikishe ni yenyewe."

Verlene alipapasa muhuri tu. "Ni yenyewe."

"Basi nenda, mama. Na sisemi kwa ubaya, lakini usirudi hapa."

Jioni aliandaa meza. Maharage, mkate, na sahani tatu. Arlis aliketi ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Hawakungoja sana. Kiti cha tatu kilisogea, na ile harufu ikaketi.

Verlene akaanza kusoma. Kwamba katika Mahakama ya Kaunti ya Larkin, Denzil Rusk, mlalamikaji, na Verlene Rusk, mlalamikiwa, ndoa yao imevunjwa. Aliposema imevunjwa, kutafuna kukakoma. Kidole ambacho hakukiona kikagusa muhuri, akaona karatasi ikibonyea, kikazunguka herufi zake moja moja kama kipofu anayetafuta uso wa mtu, na kilipopita kiliacha njia ya unyevu wa kahawia kama konokono. Akasoma kwamba shamba ni la mlalamikaji, na jiko ni la mlalamikiwa, na ng'ombe ni wa mlalamikaji, na sauti yake ikaanza kupata nguvu, maana mstari uliobaki ulikuwa mmoja.

Macho yake yakautangulia mdomo. Akanyamaza.

"Malizia," Arlis akanong'ona. Taya lake lilikuwa limeanza kwenda lenyewe, juu chini, juu chini, likitafuna kitu kisichokuwepo, na ute wa kahawia ulikuwa unamtoka pembe za mdomo ukishuka shingoni. "Verlene, naomba. Ananitafuna ulimi."

Alitamani kuuruka mstari ule. Lakini kidole kile kilikuwa tayari juu ya mstari, kinangoja, na taya la mumewe lilikuwa linakwenda kasi zaidi, na ile karafuu ilikuwa imemjaa kooni mpaka machozi yanamtoka, na alijua kwamba akikunja karatasi ile sasa atakuwa amekunja maisha ya Arlis ndani yake. Basi akasoma, polepole, neno kwa neno, kwamba mlalamikiwa atamrudishia mlalamikaji seti moja ya meno ya bandia, ya juu na ya chini, aliyoyanunua mlalamikaji kabla ya ndoa.

Kwao kulikuwa na mtindo huo. Binti akichumbiwa, meno yake hung'olewa yote, mazima na mabovu, mume asije akapata gharama mbele ya safari. Verlene aling'olewa yake na fundi viatu, meno meupe yasiyo na doa, akiwa bado hajafikisha umri wa kupiga kura, na Denzil akamnunulia seti badala ya pete. Yalikuwa meno mazuri. Hakuwahi kuyabadilisha. Alikuwa ameyatumia kucheka na Arlis, kumbusu Arlis, na sasa hivi kumsomea hukumu mwenye meno.

Sahani ya tatu ikasogezwa mbele yake.

Akatia vidole kinywani. Ya juu yaligoma kwanza, yakaachia kwa mlio wa kunyonya, kisha ya chini. Akayaweka sahanini yakiwa yanachuruzika mate yake. Akaona uso wake umeporomoka kwenye kioo cha dirisha, uso wa mzee asiyemjua. Na meno yale yakainuka polepole hewani, yakafunguka, yakageuzwa, yakaingizwa mahali pasipoonekana. Mate yake yakanyonywa hata yakakauka. Meno yakajijaribu. Tak. Tak.

Kisha kiti kikasukumwa nyuma, mlango ukafunguka, na baridi ya mvua ikaingia ndani, safi.

Taya la Arlis likatulia. Alipangusa shingo, akaukodolea macho mkate. Akavunja kipande, na chembe kavu zikamwagika mezani. Akala. Akala kingine. Alilia huku anakula, bila sauti, na Verlene akamsukumia kikaango kizima, akasimama, akanawa kinywa kwa chumvi mara nyingi, akatema, akanawa tena.

Ndipo alipompigia simu Shangazi Ocie.

"Ametoka," akasema.

"Ulimsomea yote?"

"Yote. Na nimempa meno. Jaji aliandika."

Verlene aligeuza sikio mlangoni. Kwa mbali, kwenye njia ya mlimani iendayo Larkin, kitu kigumu kilikuwa kinapasuliwa, kikavu, kama mtu anayevunja kokwa za jozi kwa meno, moja baada ya nyingine, wala hachoki.

"Amezikwa karibu na nani?" Shangazi Ocie akauliza hatimaye.

"Katikati ya baba yake na mama yake."

"Maskini wazee wale," akasema Shangazi Ocie, akaweka simu chini.