Mgeni wa Kwenye Miwani

Wali ulianza kunuka ukiwa bado wa moto. Odeta alinusa sufuria, akanusa mikono yake, akanusa hata kitambaa cha meza. Mchele ulikuwa mpya, wali umeiva muda uleule, lakini sahani ya mumewe ilitoa harufu ya samaki aliyesahaulika kwenye mfuko juani. Sufuria ilikuwa salama, sahani ya mtoto salama. Ni ile ya Mutalemwa tu, na upande ambao mkono wake haujagusa, wali ulikuwa umelowa mate.

Mutalemwa hakuona kitu, amevaa miwani. Si mnaijua ile kampuni ya mtandao? Ilianza kwa kutuomba picha, ikaja ikaomba video, na bado haikushiba. Sasa inataka tuhamie humo wazima wazima. Imeleta hiyo miwani, midude ya kuziba nusu ya uso, na Mutalemwa akapata kazi ya kuijaribu: kushinda sebuleni kwake Buzuruga huku akizunguka ndani ya sebule nyingine, iliyojengwa kwa picha ambazo Odeta mwenyewe alizirusha mtandaoni miaka yote. Kochi lilelile, pazia lilelile, hata Precious, binti yao wa miaka minne, alikuwa akicheka ukutani. Siku Odeta alipoonyeshwa, alijisikia kama aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa sokoni.

Alimvua mumewe miwani, akamwonyesha sahani. Mutalemwa akajikuna shingo, akasema labda ni yule mzee. Akaeleza kwamba miwani ile huonyesha mpaka picha ya chakula unachokula, na kuna siku alikuwa anakula ndipo mzee asiyemjua akatokea humo, akasimama mlangoni kimya, akiufuata mkono wake kwa macho kila ulipokwenda mdomoni. Mutalemwa ni mtoto wa Kihaya, kalelewa akaleleka. Alimwamkia, kisha akamkaribisha chakula.

"Ukamkaribisha?" Odeta alinong'ona.

"Mtu akikukuta unakula, utamwambia nini?"

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe angelishikia wapi? Alijikalia. Miwani ikizimwa na kuwekwa kabatini, kutafuna kulisikika kutoka kabatini, kutafuna kwa mdomo wazi, kwa ulimi unaolamba meno, kisha kufyonza, kisha kumeza, na Odeta akifungua kabati alikuta sponji ya ile miwani imelowa ute wa njano unaovutika kama bamia, na harufu ikahamia kwenye mapazia, kwenye mashuka, kwenye nywele zake mwenyewe, hadi ugali ukiwekwa mezani alama za vidole visivyo vya mtu yeyote pale ndani zilijichora juu yake polepole, kwanza kwenye sahani ya Mutalemwa, halafu, siku ambayo Odeta alitapika palepale mezani, kwenye sahani ya Precious.

Mtoto akakonda. Mbavu zikaanza kuonekana. Odeta alitaka kuitupa miwani ziwani, lakini shangazi yake Teodora, mganga wa Misungwi, akamkataza kwa simu: ukivunja mlango, mgeni anabaki ndani.

Teodora alifika kesho yake mchana. Alisimama kizingitini, akanusa, akatema mate chini. Akasema mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, ana haki yake. Anasindikizwa, tena na yuleyule aliyemkaribisha. Akafukiza dawa, akamvalisha Mutalemwa miwani.

Walimwona akizunguka sebule mkono umekunjwa, kama anayemshika mzee kiwiko. Ute mrefu ukadondoka begani mwake kutoka mahali pasipo na mdomo. Mlangoni alisimama, akazungumza kwa sauti ya chini, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kwa adabu. Kisha akaivua miwani. Teodora akaitwanga kwa mchi mpaka ikawa vipande.

Harufu ikakatika. Odeta alipika sato wa ziwani, na sato akanukia sato. Alilia kwa furaha huku akipakua.

Precious hakutaka kula. Alikaa kwenye mkeka, tumbo limemvimba, midomo inameta. Teodora alimtazama sana, akaweka tonge lake chini.

"Pale mlangoni mliongea nini?"

"Kuagana tu, shangazi," alisema Mutalemwa. "Alisema na nyie karibuni kwangu."

"Ukamjibu?"

Mutalemwa akainamisha kichwa. "Nikasema asante, tutakuja."

Precious akabeua, na ule uvundo ukajaa chumba kizima.

"Nimeshiba, mama," alisema. "Babu anauliza mbona nyie mnachelewa."