Umebadili, Niulize Tena

"Mas Danur, nani kakwambia uguse maharamia?"

"Maharamia wananogesha mchezo, Dik."

"Wananogesha wapi! Mara ya mwisho walinimaliza nikiwa bado na meli mbili. Waondoe."

"Haya, nimewaondoa. Bonyeza Tayari."

Kinanti akabonyeza, tiki ya kijani ikatokea kando ya jina lake. Alikuwa amekaa kitandani kwao, mji mdogo wa Batu, kompyuta mapajani, spika zenye maikrofoni kichwani, roho yake kwatu. Jumamosi alasiri ndiyo saa aliyoingoja wiki nzima akiwa dukani anauza dawa. Kule mjini Malang, kwenye duka la michezo la Koh Aliong, mchumba wake Danur, aliyezoea kumwita Dik, yaani mdogo wangu, alikuwa amekalia kiti cha mwenyeji. Ukubwa wa galaksi, wingi wa sayari, maharamia wawepo au wasiwepo, nyota za wachezaji ziwe karibu au mbali, vyote vilikuwa mkononi mwake. Mchezo wenyewe ni wa kujenga himaya angani na kunyang'anyana sayari, na unaweza kuchukua mwezi kuisha. Lakini watu wa klabu walikuwa wakikiri wenyewe kwamba utamu uko hapa mwanzoni, kwenye kubishana.

"Galaksi iwe kubwa!" ilidakia sauti ya Togar, kijana wa Kibatak ambaye hata akinong'ona jirani anasikia. Yeye alikuwa kwenye kompyuta ya pili, pale pale dukani.

"Kubwa!" wengine wakaitikia.

Danur akabadili, na tiki zote zikafutika. Ndiyo kanuni ya mchezo huo: mwenyeji akigusa hata kitu kidogo, kila mtu aangalie upya, aridhie upya. Kinanti akabonyeza tena, akicheka.

"Nyota za nyumbani... ziwe mbali," Danur akasema kama anayejisemea.

Tiki zikafutika.

"Mbali?" Kinanti akashangaa. "Miaka yote tunaanza majirani. Leo umekula nini?"

"Basi tu, tujaribu. Kukaa mbali si mwisho wa dunia, Dik."

Kabla hajamjibu, simu yake ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Bu Lastri, mama yake Danur.

"Kinanti mwanangu, chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi, nimekuchagulia kijani. Nimefurahi mno ulivyotaka kukaa na mimi hiyo miaka miwili Danur akiwa Balikpapan. Na ile tarehe mpya, mzee anayetafuta siku ya heri kwa kupiga hesabu za siku zenu za kuzaliwa ameipitisha. Harusi Jumapili ya wiki ijayo, tutabanana lakini tutaweza."

Kinanti akasoma. Akarudia. Macho yakamtoka pima.

"Danur."

Bila lile "Mas" la heshima.

"Naam, Dik?"

"Balikpapan kuna nini?"

Danur akakohoa kwenye maikrofoni.

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza Balikpapan kuna nini!"

"Kazi. Usimamizi wa ghala, bandarini kule ng'ambo. Miaka miwili tu, Dik. Nilikuwa nangoja nafasi nzuri nikwambie."

"Nafasi nzuri ipi? Nikiwa nimeshakaa mbele ya shehe? Mama yako ameshapaka rangi chumba changu! Chumba ambacho sijui hata dirisha lake linatazama wapi!"

"Usipandishe sauti basi. Si ulishakubali kuolewa? Haya mengine ni ndogondogo tu."

Jamani, mwanamume akishasema "ndogondogo" katika hali kama hiyo, bora angemwaga petroli tu.

"Ndogondogo!" Kinanti alisimama juu ya kitanda. "Nilikubali harusi mwezi ujao. Nilikubali nyumba ya kupanga hapa Batu, mimi na wewe. Hayo ndiyo niliyoyasemea ndiyo! Wewe umebadili tarehe, umebadili nyumba, mpaka wewe mwenyewe umejiondoa, halafu ndiyo yangu umebaki nayo mfukoni! Hebu tazama skrini iliyo mbele yako. Umesogeza nyota tu, tiki yangu imefutika. Mchezo wa kompyuta una adabu kukuzidi!"

"Weeee!" Togar akashindwa kujizuia.

Kisha ikasikika sauti ya Koh Aliong, mwenye duka, mzee mpole aliyewafahamu tangu wakiwa hawajui kujenga hata meli ya mbao.

"Watoto, maikrofoni zenu ziko wazi. Wote tunasikia. Mimi supu ya bakso imenipoa mkononi."

Danur akakimbilia kuzima maikrofoni, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Vizuri sana," Kinanti akasema. "Koh Aliong, huyo asitoke hapo. Nakuja."

"Njoo taratibu, barabara inateleza kwa mvua!" Togar akapaza sauti. "Mlango tutakushikia sisi!"

Kinanti aliingia dukani kwa Koh Aliong na kofia ya pikipiki kichwani, koti likichuruzika maji. Danur alikuwa amejibanza kando ya friji ya soda, kijasho chembamba kinamtoka. Wanaklabu walikuwa wamegeuza viti kabisa, hakuna aliyejifanya anatazama skrini.

"Dik, tukaongelee nje."

"Hatutoki. Wamesikia nusu, wasikie na nusu nyingine. Umeshasaini hiyo kazi?"

"Bado. Wanataka jibu leo jioni."

"Na ungewajibu bila kuniambia?"

Danur akatafuna maneno, mwisho akayatema.

"Ndiyo."

"Mama yako anasema mimi nimetaka kukaa kwake. Nani alimwambia?"

Danur akatazama kandambili zake.

"Danur, nani?"

"Mimi."

Kinanti akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Bu, shikamoo. Samahani kukusumbua. Nimesoma ujumbe wako. Mimi habari za Balikpapan sikuwahi kuambiwa, nimezijua kwako leo."

"Unasema?" Bu Lastri akang'aka. "Danur kaniambia wewe ndiye uliyeomba kuja kukaa na mimi!"

Mguno ukapita dukani.

"Sijaomba, Bu."

"Yuko wapi huyo?"

"Yuko hapa, anakusikia."

"Danur! Marehemu baba yako aliniweka kwa mama yake miaka minane, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nakaanga tempe za soya huku nalia, wewe mtoto mdogo unanifuta machozi kwa mkono wa shati lako. Umesahau? Leo unataka kunifanya mimi ndiyo niwe yule bibi?"

"Bu, sikuwa na nia hiyo..."

"Nyamaza nikisema! Kinanti mwanangu, hiyo tarehe mpya nimeifuta. Rangi nayo itakauka yenyewe, atalala humo paka. Ukimtaka huyu kijana, shauri yako. Usipomtaka, kwangu utaendelea kuja kula."

Simu ikakatika. Danur alijishusha kwenye kiti cha plastiki, na Kinanti akamtazama yule mtu aliyempenda miaka minne. Harusi ilikuwa mwezi mmoja mbele. Alijua kwamba hapo hapo, kwa majibu ya dakika chache zijazo, ataolewa au hataolewa.

"Kwa nini hukuniuliza?" Sauti yake sasa ilikuwa ya chini.

"Niliogopa utasema hapana."

"Ndiyo maana watu huuliza, Danur! Hapana nayo ni jibu!"

"Nilijua Batu huwezi kuiacha. Nikajiambia, nikishapanga kila kitu, utazoea. Nimekosa, Dik. Nimekukosea wewe, nimemdanganya na mama." Akachomoa simu mfukoni. "Hii kazi naikataa. Sasa hivi, mbele yako."

"Weka chini hiyo simu! Unaona? Unaamua tena peke yako!"

Duka zima likaangua kicheko. Danur akabaki na simu hewani, haipigi wala hairudishi mfukoni.

"Sasa nifanye nini jamani?"

"Uliza, bwana!" Togar akamfokea. "Huoni dada wa watu amesimama anangoja?"

Danur akasimama. Akajifuta jasho.

"Kinanti. Nimepata kazi Balikpapan, ya miaka miwili. Naitaka sana. Ila bila wewe siitaki. Wewe unaonaje?"

Kinanti ndipo alipovua kofia ya pikipiki. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuhangaika kuyaficha.

"Naona ungeniuliza wiki iliyopita, leo ningekuwa nimeshafunga mabegi. Batu nimezaliwa, Batu nimesoma, Batu nawauzia dawa ya kikohozi watu walionibeba mgongoni. Nani alikwambia siwezi kuiacha? Kila siku nikiona ndege inapita najiuliza inakwenda wapi! Huko bandarini watu hawaugui? Hawanunui dawa?"

Danur akamsogelea.

"Ungekubali?"

"Kwenda na wewe, ningekubali. Kubaki kwa watu nikingoja simu ya Jumapili, hapana. Kwa mama yako hapana, kwa mama yangu hapana, hata kwa malkia hapana!"

"Twende basi!" Danur akaruka, sauti imempanda kama mtoto. "Dik, twende wote!"

"Usikurupuke. Mpigie bosi kwanza. Mwulize kama kuna nyumba ya mke na mume. Na mwambie huanzi kazi kabla ya harusi, na harusi ni mwezi ujao kama tulivyopanga."

"Akikataa?"

"Akikataa tutakaa hapa tuulizane tena."

Bosi alipigiwa. Alinung'unika, akahema, akasema anahitaji mtu upesi, mwisho akakubali shingo upande: Danur aanze baada ya harusi. Nyumba zilikuwa zimejaa, ingepatikana moja baada ya miezi miwili. Danur akafunika simu kwa kiganja.

"Miezi miwili nitangulie, halafu uje. Unasemaje?"

"Miezi miwili nitavumilia. Ikizidi siku moja, utaniona bandarini na godoro kichwani."

Danur akamjibu bosi huku anacheka na kulia, na Kinanti akamshika shati kifuani, akamvuta, akaegemeza paji la uso pale pale kwenye jasho lake. Duka likalipuka makofi. Koh Aliong akatangaza bakso kwa wote.

"Na mchezo je?" Togar akauliza.

"Mchezo gani," Kinanti akamjibu bila kuinua kichwa, "na mwenyeji wenu bado sijamaliza kumgombeza?"

Siku ya harusi ikafika, na nyumba ya kina Kinanti ikafurika watu. Bibi harusi alikuwa amefungiwa ndani wiki nzima, kama mila inavyotaka: haonani na bwana harusi, haongei naye, simu yake mama yake ameificha anakokujua yeye. Alipotolewa sebuleni, kebaya nyeupe mwilini na asumini zikining'inia hadi kifuani, Danur alisahau hata kufumba mdomo.

Shehe akakohoa, akamgeukia Kinanti ili amwulize kama ameridhia. Danur akanyoosha mkono.

"Shehe, samahani sana. Kabla hujamwuliza, nina neno na bibi harusi."

Minong'ono ikazagaa. Bu Lastri akashika kichwa.

"Danur! Umefanya nini tena?"

"Sijafanya kitu, Bu. Ndiyo maana naongea." Akamtazama Kinanti. "Jana jioni bosi alipiga. Nyumba imepatikana mapema. Anataka tuhamie wote wawili wiki ijayo, nisitangulie tena. Simu huna, na kukuona nimekatazwa. Sijamjibu. Nimekuja kukuuliza."

Baba yake Kinanti akainama kumnong'oneza, lakini sebule yote ikasikia.

"Kijana, hilo si lingengoja tumalize?"

"Hapana, Baba. Likingoja, atakuwa ameridhia kitu kingine."

Kinanti akahisi moyo unataka kumtoka kwa furaha. Mama zake wadogo walikuwa wanamfinya asicheke, akacheka, asumini zote zikatikisika.

"Wiki ijayo siwezi, Mas. Dukani nimeahidi kufanya kazi mpaka mwisho wa mwezi."

"Basi mwisho wa mwezi."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Ndege moja, viti vya pamoja."

"Na bosi akikasirika?"

"Atazoea."

Bu Lastri alikuwa wa kwanza kupiga makofi, akisukuma watu kwa viwiko apate nafasi ya kuyapiga vizuri. Kinanti akajiweka sawa, akamgeukia shehe aliyekuwa ameshika kitabu chake hewani muda wote huo.

"Shehe, sasa niulize."

"Kinanti, umeridhia kuolewa na Danur?"

"Nimeridhia!" akajibu, na sauti ikafika hadi jikoni.

"Ndoa imeswihi!" Togar akanguruma kutoka mlangoni, amesimama juu ya kiti.

"Bado, kijana," shehe akasema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Shuka kwanza. Hata hatujafunga."