Kipimo cha Godoro la Juu

Mwaka nilipokuwa darasa la sita, kila asubuhi niliamshwa na kisigino. Hatukuhitaji saa wala jogoo. Mdogo wangu, mwenye miaka mitano, alilala kama mtu anayecheza mpira: mara kichwa chake kiko miguuni pangu, mara mguu wake uko shingoni mwangu, na kabla hakujapambazuka kisigino kimeshanipata mbavuni. Ndiyo maana tulimwita Kisigino, naye akaitika kwa fahari kabisa.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi na yeye. Mama alikuwa mpishi katika shule ya bweni na alitoka alfajiri. Mimi ndiye niliyemnawisha Kisigino uso, nikampa uji, nikamfunga vifungo vya shati na kumfikisha kwa jirani, kisha nikakimbilia shule. Hayo yote sikuyalalamikia. Nililalamikia kitanda tu.

Jioni moja mama akatuambia, "Nimemwagiza fundi seremala atutengenezee kitanda cha ghorofa. Mmoja atalala juu, mwingine chini. Juu ni kwa dada mtu, chini ni kwa Kisigino. Hili godoro tulilonalo litakaa chini, na la juu nitanunua jipya."

Nilimkumbatia mama mpaka akaniambia nitamvunja mgongo. Godoro jipya, na langu peke yangu! Mwenzangu wa dawati moja alikuwa na godoro nene, wala hakuchoka kulisifu. Alisema ukilikalia unazama, ukilala huwezi hata kujua kama chini kuna mbao. Mimi nilishalilalia godoro hilo usiku mwingi kichwani mwangu, huku kisigino kikinipiga.

Fundi mwenyewe mtaani tulimwita Nusu Inchi, kwa sababu ubao ukizidi nusu inchi hakuwa na raha mpaka aukate. Watoto walitania kwamba ukimuuliza habari za nyumbani, hutafuta rula kwanza. Alikuwa mzee mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

Siku ya Alhamisi, baada ya masomo, mama alinituma kwake kuuliza kitanda kitakuwa tayari lini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Mwambie mama Jumamosi asubuhi nakuja kukifunga. Hebu njoo uone." Akaweka mkono juu ya ukingo wa kitanda. "Hiki ni kitanda cha juu. Hizi mbao za chini ndizo chaga, ndizo zinazobeba godoro. Kutoka kwenye chaga mpaka juu ya ukingo ni inchi kumi. Ukiweka godoro la inchi nne, ukingo unabaki umesimama inchi sita. Mtu akijigeuza usingizini anagonga ubao, anarudi. Ukiweka godoro nene, linaumeza ukingo wote. Umenielewa?"

"Nimeelewa, fundi."

Akakata kipande cha mbao cha inchi nne kamili, akakipiga msasa ncha zote mbili, akakipuliza vumbi. "Mpe mama hiki. Akifika dukani akisimamishe ubavuni mwa godoro. Godoro lisikipite. Sipendi kuandika namba kwenye karatasi. Karatasi hupotea, na si kila godoro linaloitwa inchi nne lina inchi nne kweli."

Duka la magodoro lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Nilivuka, eti nione tu. Nikasimamisha kile kijiti cha fundi kwenye godoro moja baada ya jingine. Yaliyolingana nacho yalikuwa chini kabisa, yamegandamizwa na wenzao, membamba, hayana mvuto. Juu ya rundo palikuwa na godoro la maua ya buluu, nene, limejaa, na kijiti kilifika nusu yake tu. Nililibonyeza kwa kiganja. Likazama, likarudi taratibu.

Nilisimama pale kwa muda, roho ikinivuta huku na huku. Kisha nikarudi karakana. Fundi alikuwa amepiga magoti akipima mguu wa meza.

"Fundi, naomba kipande cha mbao, mdogo wangu achezee."

"Chukua, binti. Chukua hata viwili," akajibu bila kuinua kichwa.

Kwenye rundo la vipande nilichagua kimoja, kirefu mara mbili ya kile alichonipa. Kijiti chake nilikificha chini kabisa ya mkoba, chini ya vitabu. Nyumbani nilimpa mama kile kirefu, nikamweleza yote kama fundi alivyosema, ila inchi tu sikuzitaja. Mama akakiweka dirishani kisipotee.

Jumamosi asubuhi fundi alikuja akafunga kitanda. Alikitikisa kila upande, akapima tena na tena kama ilivyo kawaida yake, akaondoka. Mchana tukaenda dukani.

"Mama, godoro la kitanda cha kawaida au cha ghorofa?" muuzaji akauliza.

"Cha ghorofa. Ni la juu."

"La juu wengi huchukua jembamba."

"Fundi amenipa kipimo," mama akasema, akakisimamisha kijiti. Kililingana sawasawa na lile la maua ya buluu.

Muuzaji akainua mabega. "Kama fundi mwenyewe amepima, mimi ni nani nibishane?"

Mimi nilikuwa nikiangalia viatu vyangu, kama kwamba ndiyo kwanza naviona.

Sitasema uongo: godoro lilikuwa tamu. Lakini nilipojigeuza upande wa nje, niliona ukingo umebaki vidole vitatu tu juu ya godoro, na sakafu ilionekana mbali sana. Nikajibana ukutani. Nikajiambia kwamba mimi si Kisigino, mimi hulala nimetulia.

Nilimsahau Kisigino mwenyewe. Jumapili mchana nilikuwa naosha vyombo, mama alikuwa chumbani akikunja nguo karibu na kitanda. Kisigino, ambaye alikuwa ameonywa mara kumi asipande, alipanda mara ya kumi na moja.

"Mama, niangalie! Nazama!" alipiga kelele, akaanza kujiviringisha juu ya godoro kutoka ukutani mpaka ukingoni.

Nilisikia mama akipaza sauti. Nilipofika mlangoni na sahani mkononi, mdogo wangu alikuwa ameshavuka ukingo. Mama alirusha nguo akamdaka shati na mguu mmoja, wakaanguka wote wawili juu ya rundo la nguo. Kiwiko cha Kisigino kilikuwa kimegonga ngazi ya kitanda. Alilia sana. Mama alimpapasa kichwa, mabega, mikono, akamkumbatia asimwachie.

Kiwiko kilikuwa kimevimba kidogo, hakikuvunjika. Kisigino aliponyamaza, mama aliinuka akatazama godoro, akatazama ukingo, akachukua kijiti dirishani, akambeba Kisigino.

"Vaa viatu," akaniambia. "Tunakwenda kwa fundi."

Fundi aliishi nyuma ya karakana yake. Alitoka akitabasamu, lakini mama hakungoja hata salamu ziishe.

"Fundi, mtoto wangu nusura avunjike shingo leo! Nimenunua godoro kwa kipimo chako mwenyewe, na ukingo wote umezama. Umebana mbao, fundi? Umepunguza ukingo ili ubaki na mbao?"

Akampa kijiti. Fundi alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha. Ncha zilikuwa na manyoya ya msumeno, hazikuwa zimepigwa msasa. Nilimwona akielewa. Kisha akaniangalia.

Macho yale hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari ardhi ipasuke initie ndani.

"Pole sana, mama," akasema taratibu. "Pole na mtoto. Nashukuru hakuumia zaidi. Nitakuja sasa hivi niongeze ubao kwenye ukingo. Sitachukua chochote."

"Ubao utaongeza, sawa," mama akasema. "Lakini nilikuwa nimeshamwambia mwalimu mkuu habari zako. Wanataka vitanda arobaini vya bweni, na kesho nilikuwa nimpe jibu. Siwezi, fundi. Siwezi kuweka watoto wa watu juu ya vitanda vyako."

Vitanda arobaini! Karakana nzima ya fundi ilikuwa na meza moja na viti viwili vilivyongoja wateja.

"Una haki, mama," akajibu.

Mama akamweka Kisigino begani, akatoka. Nilimfuata. Nilihesabu hatua: moja, mbili, tatu. Kwenye ya saba miguu ilikataa.

"Mama."

"Tembea."

"Mama, si fundi. Ni mimi."

Akasimama. Nikamwambia yote palepale barabarani, machozi yakinitiririka, wapita njia wakigeuka kutazama: kijiti cha kwanza, duka, godoro la maua, kipande nilichosema ni cha mdogo wangu kuchezea. Niliposema hilo la mwisho nilimtazama Kisigino na kiwiko chake, nikashindwa kuendelea.

Nilidhani mama angenipiga kofi, na kwa kweli ningeona afadhali. Badala yake alinishika mkono, tukarudi karakana.

Fundi alikuwa tayari anafunga msumeno na nyundo kwenye mfuko ili aje kwetu.

"Fundi," mama akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nimekukosea. Nimekuita mwizi mbele ya watoto, na mbele ya watoto hawa hawa naomba unisamehe."

"Fundi, nisamehe na mimi," nikasema. "Nilimdanganya kila mtu. Wewe, mama, hata muuza magodoro."

"Nimekusamehe, binti."

"Lakini ulijua!" mama akamgeukia. "Ulikishika tu kile kijiti ukajua. Kwa nini ukanyamaza nikutukane vile?"

Fundi alifuta vumbi kwenye nyusi. "Niliona mtoto anataka kusema, maneno yamemkwama. Nikaona nikimsemea mimi, atabaki hajui kama angeweza mwenyewe. Ubao ningeuongeza leo leo, maana usalama wa mtoto hausubiri. Mengine nikaona yanaweza kusubiri kidogo."

"Na vitanda arobaini?"

"Aa, hivyo," akasema, akacheka kidogo. "Hivyo vingeniuma, sikufichi."

Tulirudi nyumbani. Hapakuwa na haja ya ubao mpya. Tulishusha godoro la maua ya buluu likaenda kitanda cha chini, na lile la zamani, la inchi nne, likapanda juu kwangu. Mama alinyoosha mkono akapima ukingo uliobaki. Ulikuwa unazidi nusu shibiri. Kisigino alijitupa kwenye godoro lake nene, akajiviringisha, akadondoka sakafuni kutoka kimo cha goti, akacheka mpaka akapaliwa.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha chini, akanivuta nikae karibu naye.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" akaniuliza. "Kutaka godoro zuri si kosa. Hata mimi napenda kulala pazuri. Ungeniambia, tungetafuta njia. Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi napikia watu mia tatu, natoka nyumbani hamjaamka. Siwezi kuwa kila mahali. Nikikutuma wewe, ni kama nimekwenda mwenyewe. Unayoyaona ndiyo niliyoyaona, unayoyasema ndiyo ninayoyaamini. Ukinidanganya hapo, unaniacha natembea nimefumba macho, na nimembeba mdogo wako begani."

Nililia tena. Safari hii nililia kifuani pake, naye akanipapasa mgongo mpaka nikatulia. Hakuniambia yamekwisha. Nilijua uaminifu haurudi kwa kulia.

Kesho yake, Jumatatu, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama yupo nyumbani mapema, bado amevaa aproni. Nikamwamkia, nikaanza kukusanya vyombo. Tangu jana nilikuwa nimeamini kwamba hatanituma tena mahali popote penye jambo la maana, na nilikuwa sina la kulalamika.

"Acha vyombo," akasema. "Nimezungumza na mwalimu mkuu. Nimemweleza fundi ni mtu wa namna gani. Anamtaka kesho saa mbili asubuhi, aje na vipimo vya vitanda. Nenda kamwambie."

"Mimi, mama?"

"Nina binti mwingine?" Akanitengeneza kola ya shati, akaniangalia machoni. "Mwambie kama nilivyokuambia, na uniletee jibu lake kama atakavyolisema."

Nilikwenda mbio. Njia nzima niliyarudia maneno yake, neno kwa neno, nisije nikaangusha hata moja.