Wimbo wa Odira Ufike Shirati

Kila asubuhi basi la Shirati hupita Igoma. Aoko hulisikia honi kabla hajaliona. Saa hiyo huwa anakaanga maandazi mbele ya nyumba, kando ya barabara ya Musoma. Basi likipita, mkono wake husimama juu ya karai. Hulitazama mpaka lipotee. Ndipo hukumbuka maandazi, na mara nyingi huwa yameshaungua upande mmoja.

"Leo tena?" mumewe, Otuoma, humtania. "Basi likipita, wateja wetu wanakula makaa."

Aoko hucheka, lakini moyoni hacheki. Kwao ni Shirati, karibu kabisa na ziwa. Mama yake anaishi huko na Favour, mdogo wake Aoko. Macho ya mama hayaoni tena. Amebaki na masikio.

Mwaka jana baba yake Aoko, mzee Odira, alifariki. Siku ya mazishi ilitakiwa binti amwimbie baba yake. Alitakiwa alitaje jina lake na mema yake mbele ya watu wote. Katika familia yao mwimbaji ni Aoko. Alisimama, akafungua mdomo, kilio kikamkaba koo. Hakuimba hata neno moja.

"Basi, mwanangu," mama yake alimwambia. "Utamwimbia kwenye kumbukumbu ya mwaka."

Mwaka umefika. Kumbukumbu ni Jumamosi ijayo. Lakini Aoko ana mimba ya miezi minane, na muuguzi wa kliniki amemkataza safari ndefu. Aoko alimbembeleza mara mbili. Mara zote mbili muuguzi alitikisa kichwa. Kwa hiyo wimbo ungesafiri peke yake, kwa simu.

Bendi ya kumsaidia ilikuwepo hapo hapo nyumbani. Mzee Okomo, baba yake Otuoma, alipiga gitaa la umeme. Otuoma alitikisa kayamba. Jirani yao Ngosha, fundi baiskeli, alipiga ngoma, na aliipiga kama mtu anayeidai kitu. Aoko aliimba. Walijiita Igoma Jioni, kwa sababu walikutana wakitoka kazini.

Jumapili wakarekodi. Sebule yao ilikuwa kuta tupu za saruji, na juu mabati bila dari. Mzee Okomo ndiye aliyetafuta mahali pa kuweka simu. Mzee huyu alifanya kazi kwenye meli za ziwani miaka thelathini, na hakuamini kitu chochote ambacho hakijafungwa nailoni. Kitambulisho chake kilikuwa ndani ya nailoni. Chumvi, kiberiti na betri za redio vilikuwa ndani ya nailoni. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya nailoni, yeye tayari alikuwa na akiba yake uvunguni. Basi akaiviringisha simu kwa nailoni mara mbili, akaiweka juu ya spika ya gitaa.

"Sauti inatokea hapa," alisema. "Simu itaipata yote."

Aoko alisimama mlangoni. Hakuna aliyemwambia asimame huko. Katika familia yao mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, wala hasimami mbele yake wakatazamana usoni. Tangu aolewe, miaka sita sasa, alikuwa akiimbia mlangoni, nyuma ya mgongo wa mzee. Ili asikike, alipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Otuoma akabonyeza kitufe cha Watsapu. Wakapiga, wakatuma. Jioni mama alipiga simu kutoka Shirati.

"Asanteni wanangu," alisema. "Ngoma nimeisikia. Gitaa nimelisikia. Aoko, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naimba, mama."

"Favour anasema umemtaja baba yako. Mimi sikumsikia."

Aoko aliaga, akaingia chumbani, akakaa kitandani. Ilimuuma sana. Mara ya kwanza kilio kilimnyima baba yake wimbo. Sasa ameimba wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bado baba hajaimbiwa.

Kesho yake akaenda dukani kwa Hiral. Lilikuwa duka la taa, nyaya na vifaa vya redio. Lilianzishwa na babu yake Hiral, mzee Shantilal, na Hiral amekulia nyuma ya kaunta ile.

"Dada Hiral, nionyeshe spika kubwa kuliko zote," alisema Aoko.

"Mna harusi?"

"Hapana. Tunataka kurekodi, sauti itoke vizuri."

Hiral akaweka kalamu chini. "Spika inatoa sauti, dada. Hainasi sauti. Hebu kwanza nisikie mlichorekodi."

Aoko akampa simu. Hiral akaiweka sikioni, akafumba macho.

"Gitaa linakwaruza," alisema. "Ngoma kama iko ndani ya pipa. Halafu kuna mtu anaimba mtaa wa pili."

"Huyo wa mtaa wa pili ni mimi."

Wakacheka wote wawili. Kisha machozi yakamtoka Aoko bila taarifa, akamweleza Hiral habari yote: mazishi, kumbukumbu, na swali la mama yake.

Hiral akamvutia kiti.

"Bibi yangu Bachubai anaishi Uingereza," alisema. "Kila sikukuu tunamrekodia nyimbo za hekaluni. Miaka miwili alikuwa anatujibu, asanteni, nzuri sana. Kumbe hakuwa anasikia hata neno. Alikuwa anatuonea huruma tu. Nilipojua, niliona aibu, nikajifunza. Mama yako amekwambia ukweli siku ile ile. Umshukuru."

"Kwa hiyo spika?"

"Spika sikuuzii. Kesho saa saba mchana nitakuja kwenu. Mafundi mageti wa jirani yenu si wanakwenda kula saa saba?"

"Wanakwenda."

"Hiyo ndiyo saa ya kurekodi. Simu haichagui. Wakikata chuma, itanasa na chuma."

Siku ya pili saa saba Hiral akafika. "Shikamoo mzee," alimwamkia Okomo.

"Marahaba, binti. Nasikia simu yetu imeharibika."

"Simu nzima, mzee. Ila imefungwa masikio."

Akaifungua nailoni, akamwonyesha tundu dogo sana upande wa chini wa simu. "Hili ndilo sikio lake. Mtu ukimfunga nailoni masikioni atasikiaje?"

Mzee akafikiri. "Kama yuko ndani ya maji."

"Ndivyo mama alivyowasikia. Na simu ikikaa juu ya spika, ni kama unampigia mtu kelele sikioni. Hawezi kumsikia mwingine yeyote."

Kisha Hiral akasimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja. Mlio ulizunguka chumbani kabla ya kufa.

"Mmesikia? Nimepiga kofi moja, kuta na mabati yameitikia. Simu inanasa kofi pamoja na maitikio yote. Ndiyo maana maneno yanachanganyika. Tunahitaji vitu laini humu ndani. Magodoro, mablanketi, nguo nzito. Vinameza mwangwi."

"Ngosha naye tumfunike blanketi," alisema Otuoma.

"Wewe endelea," alisema Ngosha, akikumbatia ngoma yake.

Hiral akachukua stuli, akaiweka katikati ya chumba, na simu juu yake. "Sasa sikilizeni neno moja kubwa. Anayetakiwa kusikika zaidi ndiye akae karibu zaidi na simu. Aoko atakaa hapa. Kutoka mdomoni hadi kwenye simu iwe shubiri mbili. Simu isimame pembeni kidogo ya mdomo, pumzi isiipige. Gitaa nyuma yake hatua tatu, sauti ya spika ipunguzwe. Kayamba hapo hapo. Ngoma kona ile ya mwisho."

Hakuna aliyesogea. Aoko alitazama sakafu. Mahali alipoonyeshwa palikuwa mbele kabisa ya kiti cha mzee Okomo.

"Kuna nini?" aliuliza Hiral.

Otuoma akakohoa. "Dada, pale hawezi kukaa. Mbele ya baba, namna ile, kwetu haiwezekani."

"Si ugomvi," mzee Okomo alisema, akiangalia nyuzi za gitaa lake. "Ndivyo tulivyolelewa."

Jumamosi ilikuwa imebaki siku nne. Kumbe wimbo haukuzuiwa na nailoni peke yake. Ulizuiwa na heshima pia, na heshima hakuna mtu wa kuja kuifungua.

Hiral hakubisha. Alitazama juu, kwenye mbao za paa. "Mna mablanketi mangapi?"

"Matatu," alisema Aoko. "Na la baba la nne."

"Na kamba?"

"Ya kuanikia nguo."

"Mawili tutatundika ukutani. Godoro litaegemea pale mlangoni. Na haya mawili yanayobaki tutayatundika katikati ya chumba, kama pazia. Aoko na simu upande huu. Mzee upande ule. Hamtaonana, na gitaa halitamfunika mwimbaji. Mzee, unaonaje?"

Mzee Okomo akainuka, akaingia chumbani kwake. Alitoka na blanketi lake la meli, zito, likiwa bado ndani ya nailoni.

"Hili litundikeni katikati," alisema. "Ni zito kuliko yote."

Wakafunga kamba. Hiral akapiga kofi tena. Safari hii mlio ulikufa papo hapo.

"Msianze na wimbo mzima," alisema. "Rekodini kipande kifupi, msikilize, mrekebishe. Na mtumie kinasa sauti cha simu yenyewe. Kile kitufe cha Watsapu ni cha kusalimiana, kinaibana sauti."

Kwa kuwa hawakuonana, mzee aligonga ubao wa gitaa mara nne ili waanze pamoja. Kipande cha kwanza walikisikiliza kwa spika za masikioni. Ngoma ilikuwa kubwa mno. Ngosha akasogezwa hadi barazani, akaambiwa apige kwa vidole. Alinuna, lakini alipiga. Kipande cha pili kilikwenda vizuri mpaka simu ikaita katikati. Alikuwa Favour, anauliza kama wimbo uko tayari.

"Kosa langu," alisema Hiral. "Bonyeza alama ya ndege. Simu zisiingie tunaporekodi."

Kipande cha tatu hakikuwa na kasoro. Hiral akatoka nje asubiri. Wakaanza wimbo.

Aoko alikaa peke yake nyuma ya blanketi. Simu ilikuwa karibu kama sikio la mtu. Hakuhitaji kupaza sauti tena. Kwa mara ya kwanza aliimba kwa sauti ile ambayo angemwambia baba yake jambo, wawili tu, jioni, mitumbwi ikiwa imeshavutwa nchi kavu. Alimtamani baba yake. Aliitamani Shirati, na mkono wa mama yake. Alipofika mahali pa kutaja jina, koo likaanza kumkaba tena.

Upande wa pili wa blanketi gitaa lilitakiwa libadilike. Halikubadilika. Mzee Okomo alizungusha tena pale pale, mara moja, halafu mara nyingine. Alikuwa anamsubiri.

Aoko akavuta pumzi. "Odira," akaimba. "Odira fundi wa mitumbwi." Na wimbo ukatoka wote.

Walisikiliza kwa zamu. Mzee Okomo alikuwa wa mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua spika masikioni taratibu, akamtazama mwanawe.

"Miaka sita mke wako anaimba nyumbani kwangu," alisema. "Leo ndiyo nimeyasikia maneno yake."

Hiral alimwonyesha Otuoma jinsi ya kuutuma wimbo kama dokumenti, usibanwe njiani. Aoko naye alimpigia Favour, akamweleza yote waliyofanya, na akamwambia azime redio siku ya kumsikilizisha mama.

Jumamosi ilikuwa ndefu. Aoko hakukaanga kitu. Jioni simu ikalia mara moja tu. Favour alikuwa ametuma dokumenti na maneno machache: "Watu walinyamaza wote. Mama aliomba urudiwe mara tatu. Halafu akasema na yeye nimrekodi. Nimemkalisha chumbani kwenye nguo, shubiri mbili, kama ulivyonielekeza."

Aoko akaweka spika masikioni, akakaa kitandani.

Kwanza alisikia pumzi. Halafu mama akaanza kuimba. Aliurudia ubeti wa Odira, kisha akaongeza ubeti wake mwenyewe. Kila neno lilisikika. Lakini Aoko alisikia na kingine. Sauti ya mama ilitetemeka kwenye kila mwisho. Herufi nyingine zilipita bila meno ya kuzishika. Katika simu za kila wiki, zenye mikwaruzo, hakuwahi kulijua hilo. Mama yake alikuwa amezeeka sana.

Wimbo ukaisha. Favour hakuzima.

"Bado inanasa?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi mwambie Aoko baba yake nimemsikia. Sasa namtaka yeye."

Aoko alitoka barazani, uso umelowa. Otuoma alikuwa anafunga kamba ya nguo mahali pake.

"Mtoto akitimiza miezi mitatu," Aoko alimwambia, "nakwenda kwetu."

"Tunakwenda," alisema Otuoma.