Picha Ambayo Eckart Hakujipiga

"Verle, shusha sauti. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Si ndiyo kazi yako, kuangaliwa?"

Eckart akanishika kiwiko. Nikaubandua mkono wake kama naondoa sisimizi. Ukumbi wa Truman Sayles, pale Polk Street, ulikuwa umefurika: wanaume waliovaa majaketi ya ngozi nyeusi na mabuti, wake wa matajiri wenye glasi za mvinyo, mwanamke wa gazeti na kalamu yake. Kila ukuta, picha za Eckart. Eckart na suruali nyeupe aliyoishona mwenyewe, imembana mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Eckart bila hata hiyo suruali. Nje, bango kubwa: HAKUNA JICHO LINGINE. Ndiyo sifa iliyomtoa. Mjerumani mwenye nywele za rangi ya shayiri, ajipigaye picha peke yake chumbani, mashoga wote wa San Francisco wanamjua na hakuna aliyewahi kumpiga picha.

Mimi ni mpishi tu, mtoto wa mji wa Fresno, na wivu wangu sijawahi kuuficha.

"Nieleze hii," nikasema, nikainyooshea kidole picha iliyokuwa mbele yetu.

"Nieleze nini?"

"Mikono yote miwili iko kisogoni. Miguu yote iko juu ya kiti. Kile kipira chako umekibinya kwa kitu gani, kwa masikio?"

Akageukia ukuta mwingine.

Nikueleze. Kamera yake inasimama kwenye miguu mitatu, na kutoka kwayo linatoka bomba refu la mpira lenye kipira mwishoni. Ukikibinya kwa kiganja au ukikikanyaga, kamera inapiga. Ndivyo anavyofanya kazi, na filamu anaziosha mwenyewe bafuni kajifungia. Nilishamwomba mara ngapi, "Niache nikupige moja tu." Jibu lake siku zote, "Hapana, mpenzi. Hilo sahau." Nami nikasahau, kwa shida.

"Kulikuwa na mtu chumbani," nikasema. "Na tazama hayo macho! Hayaangalii kamera, yanamwangalia yeye. Mimi hujawahi kuniangalia hivyo hata siku moja."

"Sivyo unavyodhani."

"Ungelala naye, ningekupigia kelele wiki nzima, kisha ningekupikia. Tunajuana. Lakini hili nililokuomba mimi ukaninyima, umempa nani?"

Akafungua mdomo. Truman, mwenye ukumbi, akatokea kati yetu na tabasamu la meno tu.

"Eckart, yule dada wa gazeti anakusubiri. Anataka kusikia kuhusu upweke wako."

Na Eckart, eti, akamtazama Truman, akanitazama mimi, akamfuata Truman.

Nilitoka bila koti. Nyumbani nikavuta begi, nikaanza kutupia nguo humo. Nilikuwa nalia kwa hasira, na visu vyangu vya kazi nikavifunga kwenye taulo. Simu ikalia. Nikaiacha. Ikalia tena.

"Nini?"

"Shosti, ni mimi Cleon." Rafiki yangu, mdomo mpana kuliko mlango. "Niko ofisini kwa Truman, natumia simu yake bila ruhusa. Mwanaume wako kakaa sakafuni chini ya ile picha, hataki kuongea na mtu. Dada wa gazeti kaandika mpaka kachoka."

"Mwache akae."

"Haya, huyu hapa kaingia, kaninyang'anya..."

"Verle." Pumzi yake ilikuwa nzito. "Aliyepiga ni wewe."

"Usinifanye mjinga!"

"Siku dada yako alipopiga simu kutoka Fresno. Kwamba baba yenu wameshamzika, na hawakutaka uwepo."

Nikakaa kitandani juu ya nguo.

"Nilikuwa nimejiandaa, kipira kiko chini ya zulia, miguu bado sijaishusha. Ukafungua mlango bila hodi. Ukapita moja kwa moja. Ulikanyaga, Verle. Ulikuwa unalia, hukusikia hata kamera."

Nilikumbuka. Si kamera, nilikumbuka kitu laini chini ya soli, na yeye akiniangalia kabla sijasema neno.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipoiosha nikaona ndiyo nzuri kuliko zote. Na siyo yangu. Niliona aibu. Nikaona hata wivu."

"Unionee wivu mimi?"

"Umenipiga bila kuangalia, ukanipata. Mimi najihangaikia miaka na miaka."

Nilitaka kucheka, kilio kikanizidi.

"Basi waambie," nikasema.

"Akina nani?"

"Hao hapo. Dada wa gazeti. Wote."

"Verle, unajua unachoniomba? Bango liko nje. Wataniita mwongo. Kila picha wataitilia shaka."

"Najua."

"Truman atanifukuza."

"Najua pia. Nakuja kusikiliza, Eckart. Begi langu ninalo mkononi. Usiposema, naenda moja kwa moja kupanda basi."

Nikakata simu.

Mlangoni mwa ukumbi Truman alinizuia kifua kwa kifua. "Bwana mdogo, usije ukanivurugia shughuli."

"Nimekuja kuangalia picha kama wengine."

Eckart aliniona. Akaliona begi. Alikuwa kapauka, yeye ambaye hupita mtaa mzima wa Castro watu wanageuka naye hageuki.

Akainyooshea kidole picha. "Jamani, hii hapa sikujipiga mimi."

"Kwa hiyo umetudanganya?" akauliza dada wa gazeti.

"Kwa hii, ndiyo. Aliyepiga ni yule pale mwenye begi. Ni mpenzi wangu. Alipata msiba, akaingia, nikamwangalia. Hivyo ndivyo ninavyokuwa nikimwangalia."

Mtu mmoja akaguna, wawili wakaondoka na glasi mkononi. Cleon peke yake akapiga makofi, mpaka akaona haya akaacha.

"Wewe ni mpiga picha?" dada wa gazeti akanigeukia.

"Mimi mpishi, mama. Nilikanyaga tu."

Truman alikuwa mwekundu shingo nzima. "Hii inashuka sasa hivi! Maonyesho haya ni ya Eckart. Sitaki kazi ya mtu baki ukutani kwangu."

"Ni haki yako," nikasema.

Nikaweka begi chini, nikaitungua picha. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Eckart akaja, akaliokota begi langu, akaanza kuelekea mlangoni.

"Na wewe unakwenda wapi?" Truman akafoka. "Wageni wamekuja kwa ajili yako!"

Eckart hakusimama.

"Nyumbani," akasema. "Anabeba vibaya, ataivunja."